Wanyama Wasiolijua Jua

MWALIMU: Mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio. Leo tunaye mzee mmoja mvuvi, ambaye ni mwanafunzi wa masomo ya watu wazima kama ninyi. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Nimevua tangu ujana wangu, lakini chini kabisa ya bahari sijafika.

MWALIMU: Waliofika ni wachache, mzee wangu. Basi tuanze na swali jepesi. Ng'ombe hula nini?

MZEE: Majani. Na majani hutaka maji na jua.

MWALIMU: Vema. Bila jua hakuna majani, na bila majani hakuna maziwa. Baharini pia samaki mkubwa hula mdogo, na mdogo hula vijimea vinavyoelea juu penye mwanga. Kwa hiyo watu walidhani kwamba kule chini gizani wanyama ni wachache tu, wanaongojea makombo yaangukayo kutoka juu.

MZEE: Na sivyo?

MWALIMU: Sivyo kila mahali. Mwaka 1977 wataalamu walikuta wanyama wengi penye chemchemi za maji ya moto, chini ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos. Watu wakasema, labda ni kwa sababu ya joto. Lakini mwaka 1984 wataalamu wa Marekani walishuka katika Ghuba ya Mexico, karibu na Florida, ndani ya chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin. Walikwenda kuchunguza miamba. Walifika kina cha mita 3,200 hivi, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa mlima Kilimanjaro. Maji yalikuwa baridi. Hata hivyo walikuta kome wengi na minyoo mirefu, wamesongamana kama watu sokoni.

MZEE: Walikula nini?

MWALIMU: Mzee, umepata kukanyaga tope la kinamasi ukaona mapovu yakipanda?

MZEE: Mara nyingi.

MWALIMU: Mengi ya mapovu hayo ni gesi iitwayo methani. Ndiyo iliyo nyingi pia katika gesi ya Songo Songo, ambayo huzalisha umeme Tanzania. Chini ya bahari, mahali fulani, gesi hii huvuja polepole kutoka ardhini. Katika tope wamo vijidudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Hao huila methani, wakitumia pia chumvi fulani ya maji ya bahari. Kazi yao huleta vitu viwili. Cha kwanza ni gesi inukayo kama yai viza. Cha pili ni mawe ya namna ya chokaa.

MZEE: Gesi ya yai viza si sumu?

MWALIMU: Ni sumu kwetu, lakini kwa minyoo ile ndiyo asili ya chakula. Mnyoo huyo hana kinywa wala tumbo la kusagia chakula. Hukaa ndani ya mrija wake, ameshika jiwe lile la chokaa, na sehemu yake ya chini huingia topeni kama mzizi na kuivuta gesi. Ndani ya mwili wake wamo vijidudu wengine, ambao huigeuza gesi hiyo kuwa chakula, nao humlisha mwenyeji wao. Kome nao wanao vijidudu wao, na baadhi hutumia methani yenyewe. Kisha kaa, kamba na samaki huja kujificha katikati ya mirija. Mji mzima umejengwa juu ya gesi.

MZEE: Ni ajabu. Lakini sisi tulio juu, yatuhusu nini?

MWALIMU: Yatuhusu sana. Methani ikifika hewani huzuia joto la dunia lisitoke, kwa nguvu kubwa kuliko moshi wa makaa. Vijidudu wale huila sehemu kubwa ya gesi hiyo kabla haijatoka topeni. Ni walinzi wetu wasiolipwa mshahara.

Tena, minyoo ile hukua polepole mno. Mbele ya pwani ya Louisiana, wataalamu waliipima wakaona kwamba mnyoo wa mita mbili amekwisha ishi miaka 170 hadi 250. Alikuwa hai kabla reli ya Mombasa haijaanza kujengwa, mwaka 1896.

MZEE: Na nyavu nzito za meli, zile zikokotwazo chini?

MWALIMU: Huvunja kwa dakika chache kilichojengwa kwa miaka mia mbili. Uchimbaji wa mafuta nao waweza kuharibu. Ndiyo maana katika ghuba ile serikali ya Marekani iliyaamuru makampuni ya mafuta yakae mbali na makazi hayo.

MZEE: Mvuvi anayeng'oa matumbawe hula akiba ya wajukuu wake. Naona na huko chini ni vivyo hivyo.

MWALIMU: Umelifunga somo, mzee. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hadi kipindi kijacho.

MANENO YA KUJIFUNZA
Methani: gesi iwakayo, isiyo na rangi wala harufu.
Kijidudu: kiumbe hai kidogo kisichoonekana kwa macho.
Kina: urefu wa kwenda chini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI
1. Mnyoo asiye na kinywa hupataje chakula?
2. Kwa nini vijidudu wa topeni wanaitwa walinzi?
3. Ni kitu gani katika kijiji chenu hukua polepole na kuharibika upesi?