Flashi Inajipiga Yenyewe: Betri, Fundi au Mpya?

Mpiga picha wa Makoko, hapa Musoma, ambaye flashi yake imeanza kujipiga hupewa ushauri wa aina tatu kabla hajamaliza kueleza shida: badilisha betri, peleka kwa fundi, au achana nayo ununue nyingine. Kila ushauri una bei yake, na huo wa tatu ndio unaomuuma zaidi mtu wa Musoma, maana akitaka kuchagua kwa nafasi itambidi apande basi hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Mimi ningeanza na jambo lisilo na gharama: kujua flashi inamtii nani.

Itoe kwenye kamera. Iweke mezani katika chumba ambacho hakuna mtu mwingine anayepiga picha, betri zikiwa na chaji ya kutosha. Iwashe, zima upokeaji wa redio, zima S1 na S2 (zile hali za kufuata mwanga wa flashi nyingine), kisha usubiri taa ya utayari iwake. Iache kwa robo saa. Ikitulia muda wote huo, ni nzima, na amri ilikuwa inatoka nje yake. Ikijipiga ikiwa peke yake mezani, ugonjwa umo ndani. Robo saa hiyo ndiyo inayotenganisha matengenezo ya bure na matumizi ya laki na zaidi, na ajabu ni kwamba watu wengi huiruka.

Tuanze na amri za nje, kwa kuwa ndizo nyingi. Flashi za bei nafuu zinazotumika sana, kama Godox TT600 na Yongnuo YN560, zina jicho dogo mbele linaloona mwanga wa flashi nyingine. Ukiwa kwenye S1, jicho hilo likiona mwako wowote, nayo inapiga. S2 inasubiri kidogo: inaupuuza mwako wa kwanza wa kupimia mwanga, kisha inafuata ule wa pili. Kwenye TT600 kitufe cha S1/S2 kiko nyuma, na kinabonyezeka kirahisi flashi iliyoachwa imewaka ikisukumana na lenzi ndani ya begi juu ya bodaboda. Sasa fika kanisani kwenye ndoa. Yupo mpiga picha wa upande wa bwana harusi, yupo wa upande wa bibi harusi, na shangazi watano wana simu. Mwako wa simu kwa kawaida ni taa ya LED na hausumbui sana, lakini kila yule mwenzako akipiga, yako inalipuka. Unaweza kulaumu betri mchana kutwa.

Redio nayo ina mambo yake. Triga za kisasa hutumia masafa ya 2.4 GHz, na Godox zina chaneli 32 pamoja na namba ya utambulisho kutoka 01 hadi 99. Wengi huziacha kama zilivyotoka kiwandani, kwenye chaneli 1. Wapiga picha wawili wenye Godox katika ukumbi mmoja, wote chaneli 1, kila mmoja anaamrisha flashi za mwenzake. Dawa ni kuhama chaneli na kuweka namba ya utambulisho, kisha kurudia mpangilio uleule kwenye kila kifaa chako. Triga za zamani za masafa ya 433 MHz ni kesi nyingine. Masafa hayo hutumiwa pia na rimoti za mageti na ving'ora vya magari, na triga hizo hazina akili ya kutofautisha. Ukizikuta zinauzwa kwa bei ya kutupa, ziache hapohapo.

Ikiwa flashi inatulia mezani lakini inaanza vurugu ikishapandishwa kwenye kamera, tazama mguu wake na reli inamokaa. Pini ya katikati ndiyo inayopeleka amri: ikigusana kwa umeme na reli za pembeni, flashi inaelewa kwamba kamera imesema piga. Vumbi lililoloa jasho linatosha kuleta mguso huo, sawa na mguu uliolegea ukawa unacheza. Hapa mtu wa Makoko ana nafuu kuliko mwenzake wa Tanga au Bagamoyo, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi na upepo wake hauli shaba kama ule wa bahari. Lakini unyevu upo, hasa kwa anayevuka maji kwenda Kinesi na vifaa vikiwa ndani ya begi la kitambaa. Futa pini kwa kifutio cha penseli, malizia kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Gharama yake haifiki hata nauli ya kwenda mjini.

Wenye Canon waangalie pia kidole chao cha kushoto. Kamera nyingi za EOS zina kitufe kidogo karibu na lenzi cha kuonyesha kina cha picha. Flashi ya Canon ikiwa juu, kubonyeza kitufe hicho huifanya imulike mfululizo kwa kama sekunde moja. Anayeshikilia lenzi kwa chini hukigusa bila kujua, halafu anaapa kwamba kifaa kimeharibika.

Kuhusu betri: zinasingiziwa. Betri dhaifu huchelewesha flashi kujaa, au huizima na kuiwasha upya, mara chache sana huifanya ijipige. Hiyo si sababu ya kuendelea kununua betri za bei rahisi za dukani, zile za rimoti na redio. Zinachosha flashi, na zikisahauliwa ndani huvuja. Betri nne za kuchaji za Ni-MH ni ghali siku ya kununua tu. Panasonic wanasema Eneloop zao za kawaida zinachajika hadi mara 2,100. Hata ukipata nusu ya hizo, hakuna betri ya kutupa inayoweza kushindana nazo kwa mtu mwenye sherehe kila wiki.

Sasa ile iliyojipiga mezani. Mara nyingi kosa liko kwenye mzunguko wa kuwasha au kwenye ile transista kubwa inayokata mwako. Dalili ni kwamba inalipuka kila ikijaa, mara nyingine kwa nguvu zote hata ukiwa umeweka 1/64. Spea yenyewe si ghali, ila kuipata na kumpata anayejua kuibadilisha ndiko kwenye kazi. Kapasita ya ndani hukaa na volti zipatazo 300, na inaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Fundi simu hodari anaweza kurushwa na kifaa kilichozimwa. Muulize kwanza kama amewahi kufungua flashi, na anaimalizaje chaji ya kapasita kabla ya kugusa. Akicheka swali hilo, chukua flashi yako uondoke.

Kipimo changu cha matengenezo ni theluthi moja. Fundi akitaja zaidi ya theluthi ya bei ya flashi mpya ya aina hiyohiyo, silipi. Ndoa hairudiwi, na flashi iliyokwisha kufunguliwa hubaki na shaka hata ikipona.

Bei zenyewe? TT600 imekuwa ikiuzwa Marekani kwa kama dola 65 hadi 75. Nikitumia shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, ni takriban 175,000, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Theluthi yake haifiki 60,000, kwa hiyo kwa flashi ya daraja hili kutengeneza mara nyingi hakulipi. Upande wa pili, Nikon SB-5000 ilitoka mwaka 2016 kwa karibu dola 600, yaani milioni moja na nusu kwa kiwango kilekile. Hapo fundi mzuri anastahili kusikilizwa, hata kama yuko Dar es Salaam.

Katikati kuna Godox V860II yenye betri yake ya lithiamu, ambayo kiwanda kinaihesabia mipigo 650 ya nguvu zote kwa chaji moja. TT600 yenye betri nne za 2,500 mAh inahesabiwa mipigo 230. Tofauti hiyo inaonekana saa nne usiku wakati wa kukata keki. Kwa V860II kamera pia inaweza kupima mwanga na kuipangia nguvu kupitia TTL, wakati TT600 unaiwekea nguvu kwa mkono. Hata hivyo, kwa mwenye kazi moja au mbili kwa wiki hapa Makoko, ningenunua TT600 mbili na seti tatu za betri za kuchaji. Flashi moja bora ikifa Jumamosi saa tano asubuhi, Mwanza ni mbali. Mbili za kawaida, moja ikifa, kazi inaendelea. Aliye na sherehe za nadra akodi kwa mwenzake; asifungie pesa kwenye kifaa kinacholala kabatini.

Tahadhari moja kwa wenye Canon za kuanzia: 2000D, 4000D na 250D hazina ile pini ya katikati kwenye reli. TT600 juu ya kamera hizo haitapiga kabisa, na muuzaji atakwambia ni mpya, jambo ambalo ni kweli. Nenda na kamera yako dukani. Kwa Sony ulizia TT600S.

Kwa flashi ya mtumba, beba betri zako, fungua kasha la betri utafute unga mweupe, kisha fanya lile jaribio la mezani palepale juu ya kaunta huku mkipatana bei. Flashi za enzi za filamu, kama Vivitar 283 za mwanzo, zingine hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu, na kamera ya dijitali inaweza kuungua. Fundi umeme mwenye mita atakupimia kati ya pini ya katikati na upande wa mguu. Dai risiti ya EFD, iandikwe aina na namba ya kifaa, maana waranti ya mdomo haisafiri kwa basi.

Ile mbovu usiitupe wala usimuuzie mwenzako kwa jina la nzima. Mguu na mlango wa betri ndivyo huvunjika mapema kwenye flashi hizi, na flashi mbili za aina moja hubadilishana vipande hivyo bila kugusa kapasita.