Miguu Ikifa Ganzi, Usilaumu Uzee: Pima Sukari
Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti

Julai ikifika na baridi kushuka kutoka Mlima Kenya, jioni nyingi mtaani Majengo, mjini Embu, huishia kando ya jiko la makaa. Watu huvua viatu na kunyoosha miguu karibu na moto. Mwenye miguu mizima akisogea mno huhisi joto kali na kuirudisha nyuma bila hata kufikiri. Lakini wapo wanaoweza kuungua hadi wakatoka malengelenge bila kuhisi lolote. Hugundua asubuhi, soksi ikiwa imelowa.

Hali hiyo haitokani na uchawi, wala si jambo la lazima uzeeni. Ni dalili kwamba neva za miguu zimeharibika, na mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa unaoweza kupimwa kwa tone moja la damu.

Neva hufanya kazi gani?

Neva ni kama nyaya za umeme mwilini. Baadhi hupeleka habari kwenye ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Nyingine hurudisha amri kwa misuli: ondoa mguu, shika kikombe. Nyingine hufanya kazi kimyakimya, zikisimamia mapigo ya moyo, jasho, tumbo, kibofu na nguvu za kiume.

Neva zinazofika vidoleni mwa miguu ndizo ndefu kuliko zote, kwani huanzia mgongoni. Ndiyo maana ugonjwa unaoathiri neva za mwili mzima huonekana kwanza nyayoni, miguu yote miwili, kisha hupanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Mgonjwa husema miguu inawaka usiku, inachomwa sindano, au siafu wanatembea chini ya ngozi. Baadaye husema anahisi kama anakanyaga pamba.

Kisukari ndicho chanzo kikuu

Duniani kote, kisukari ndicho kinachoongoza kwa kuharibu neva. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huumiza neva zenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Tatizo ni kwamba kisukari kinaweza kukaa mwilini kwa miaka bila mtu kujijua. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya kila 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Kwa hiyo kuna watu ambao ganzi ya miguu ndiyo inayowaambia kwamba wana kisukari.

Sukari ikipimwa kabla hujala chochote asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi kinaashiria kisukari, na kwa kawaida hurudiwa ili kuthibitisha. Mwenye dalili kama kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, akipimwa saa yoyote na kupatikana na 11.1 au zaidi, anahitaji matibabu bila kuchelewa.

Vyanzo vingine

Pombe ikinywewa kupita kiasi kwa muda mrefu huumiza neva, hasa kwa mtu anayekunywa bila kula na hivyo kukosa vitamini B1. Upungufu wa vitamini B12, inayopatikana kwenye nyama, maziwa na mayai, pia huleta ganzi. Wanaotumia metformini kwa miaka mingi wamuulize daktari kuhusu vitamini hiyo, lakini wasiache dawa.

Virusi vya ukimwi vinaweza kudhuru neva. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo inaweza kuzidhuru, ndiyo sababu mgonjwa hupewa pia vitamini B6. Ukipewa vidonge hivyo viwili, meza vyote. Mkanda wa jeshi, unaotoka kama malengelenge upande mmoja wa mwili, unaweza kuacha maumivu makali hata baada ya ngozi kupona.

Ukoma haujaisha kabisa nchini. Dalili yake ni baka kwenye ngozi lisilohisi mguso. Unatibika kabisa, na dawa hutolewa bure. Anayewahi matibabu huponya neva zake kabla ya vidole kulemaa, kwa hiyo asifichwe nyumbani.

Maumivu yakiisha, usishangilie

Wengi hununua dawa za maumivu dukani, na baada ya miezi miguu huacha kuwaka. Hudhani wamepona. Huenda ni kinyume: neva zimenyamaza. Mawe, misumari na viatu vinavyobana sasa vinaweza kuumiza bila onyo. Kidonda kidogo huingia viini, na kwa kuwa damu haifiki vizuri na sukari iko juu, hakiponi. Hivyo ndivyo wengi wa wagonjwa wa kisukari wanaokatwa mguu huanza: kwa kidonda ambacho hakikuuma.

Neva zilizokufa ni vigumu kuzirudisha. Lakini sukari ikidhibitiwa, uharibifu hupungua kasi, na zipo dawa maalum za maumivu ya neva ambazo daktari anaweza kukuandikia.

Dakika tano kila jioni

Mwenye kisukari au ganzi akague miguu kila siku. Tazama nyayo na katikati ya vidole. Tumia kioo, au mwombe mjukuu akutazamie. Osha kwa maji ya vuguvugu, ukiyapima kwanza kwa kiwiko, kisha kausha vizuri. Kwa Waislamu, kutawadha ni nafasi nzuri ya kuitazama miguu mara kadhaa kwa siku, mradi katikati ya vidole pasibaki na maji.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kung'uta viatu na gambuti kabla ya kuvaa. Ukinunua viatu vya mitumba, vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Usikate sugu kwa wembe. Baridi ikizidi, vaa soksi na ukae mbali na jiko.

Pa kwenda

Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu nyumbani. Ukiwa umesajiliwa na SHA, unahudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Usajili ni kwa kupiga *147#. Kidonda kisichopona, au mguu uliobadilika rangi au kutoa harufu, upelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, au miguu kulegea kwa siku chache na ulegevu kupanda juu ni dharura. Usingoje asubuhi.

Leo jioni, kabla ya kulala, vua soksi, fumba macho na umwombe mtu akuguse vidole vya miguu taratibu, kimoja kimoja. Usipohisi hata kimoja, kesho nenda ukapimwe.