Saa ya Kuondoka Mabatini

Simama kando ya Barabara ya Nyerere pale Mabatini, Mwanza, saa 11 alfajiri, siku mbili kabla ya Krismasi, uone mji unavyohama. Mabegi yamefungwa kamba juu ya keria, kuku wako kwenye tenga, mama anahesabu watoto kabla ya kupanda. Hawa wanakwenda Musoma na Tarime, wale Geita na Bukoba. Kila mmoja amejichagulia saa yake, na wengi wamechagua ileile.

Ramani ya simu husaidia, mradi ujue inakotoa habari zake. Simu za wasafiri hutuma kimyakimya mahali zilipo na mwendo wake. Programu huzikusanya simu za kipande kimoja cha barabara, hukokotoa mwendo, kisha hupaka rangi: kijani panapopitika, nyekundu palipokwama. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alionyesha alivyovuta kigari chenye simu 99 mitaani Berlin, na Google Maps ikachora foleni mahali ambapo barabara ilikuwa nyeupe. Kwetu kosa linaweza kuja kwa upande wa pili: bodaboda inapenya katikati ya malori, na simu ya abiria wake inaripoti mwendo ambao basi halina.

Lakini kinachomlaza msafiri njiani ni hesabu ya foleni, nayo ina tabia ya kushangaza. Kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, tarehe 19 Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yalivuka Kigongo–Busisi kwa kivuko. Tufanye kivuko kinabeba magari 30 kila nusu saa. Yakija 28, hakuna anayelalamika. Sikukuu yakaja 36, tangu saa 12 asubuhi: kila nusu saa yanabaki 6. Kufika saa 5 yamerundikana 60, na anayewasili wakati huo atasubiri saa nzima zaidi kuliko yule wa alfajiri. Magari yameongezeka kidogo tu juu ya uwezo wa kivuko. Kungoja ndiko kumeongezeka mara kadhaa.

Daraja limeondoa foleni ile ya majini. Hesabu yenyewe ingalipo popote njia inapobana, iwe Mkuyuni au Buhongwa. Ndiyo maana naona ruhusa ya mwaka 2023 ya mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi, ina maana kubwa kisayansi: mabasi yaleyale, yakitawanywa katika saa 24, hayagombanii tena alfajiri moja. Ila dereva awe amelala vya kutosha. Hilo halina mjadala.

Ramani hukisia kesho kwa kutazama siku zilizopita, na Jumanne ya kawaida haifanani na Jumanne ya tarehe 23 Desemba. Kondakta aliyeandika kwenye daftari saa alizopita Usagara sikukuu ya mwaka jana ana takwimu bora kuliko wiki nzima ya Novemba.

Halafu kuna mvua. Mto Mirongo unapita Mabatini hapahapa, na ukijaa maji hupanda haraka. Mpaka simu za waliotangulia zisimame, ramani bado ni kijani. Kabla ya kuwasha gari, mpigie ndugu anayeishi karibu na mto.