Seva za serikali: Uswisi yazima yake, ya Uholanzi yabaki

Mwishoni mwa Septemba 2024 serikali ya shirikisho ya Uswisi ilizima seva ya mtandao wa kijamii ambayo ilikuwa imeiendesha kwa mwaka mmoja wa majaribio. Akaunti sita za serikali zilizokuwemo zilikuwa na wafuasi wapatao 3,500 kwa jumla. Ofisi ya Kansela mjini Bern ilieleza kuwa wafuasi hao ni wachache, kwamba walioitikia machapisho ni wachache pia, na kwamba watumiaji wa mtandao huo duniani walikuwa wakipungua. Wakati huohuo seva ya serikali ya Uholanzi, iliyofunguliwa Julai 2023 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa anwani ya social.overheid.nl, ilikuwa ingali ikifanya kazi.

Seva zote mbili zilitumia Mastodon, programu huria iliyotungwa nchini Ujerumani na Eugen Rochko na kutolewa kwa umma mwaka 2016. Yeyote anaruhusiwa kuichukua bila malipo na kuiweka kwenye kompyuta yake. Maelfu ya seva za aina hiyo zimetapakaa duniani, kila moja ikiwa na mwenyewe na kanuni zake, lakini zote huwasiliana kwa utaratibu mmoja uitwao ActivityPub, ambao W3C, chombo kinachoweka viwango vya tovuti, ilikiidhinisha rasmi Januari 2018. Aliyewahi kutumia simu Afrika Mashariki hatapata taabu kuelewa: mwenye laini ya Airtel humpigia mwenye laini ya Vodacom bila kuhama kampuni. Facebook na X hazikujengwa kwa msingi huo, na asiye na akaunti humo hubaki akichungulia dirishani.

Hamu ya kuwa na seva zao wenyewe iliwajia wengi Oktoba 2022, Elon Musk aliponunua Twitter. Katika muda wa wiki chache watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi waliongezeka kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5. Wengi hawakukaa. Hata hivyo, serikali zilikuwa na sababu iliyozidi msisimko huo: taarifa ya mafuriko au ya uchaguzi hutegemea kampuni binafsi iliyo bara jingine, ambayo yaweza kubadili masharti usiku mmoja. Ujerumani ilikuwa imeliona jambo hilo mapema, kwani tangu mwaka 2020 Kamishna wa Shirikisho wa Ulinzi wa Data ameendesha social.bund.de kwa ajili ya ofisi za serikali kuu.

Ni haki kuuliza kama kipimo cha Bern kilikuwa sahihi. Fedha za umma zina mwenyewe, na serikali inapaswa kueleza inazitumia wapi. Lakini kuipima seva ya umma kwa wafuasi wa mwaka mmoja ni sawa na kuipima maktaba mpya kwa foleni ya siku ya ufunguzi. Mfano wa Umoja wa Ulaya unafundisha zaidi. Aprili 2022 Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Ulaya alifungua seva iliyoitwa EU Voice, na taasisi kadhaa za Umoja huo zikaandika humo kwa miaka miwili. Mei 2024 ikafungwa. Ofisi hiyo ndogo haikuwa na uwezo wa kuibeba daima, na haikupatikana taasisi nyingine iliyokubali kuipokea.

Kuisimika seva yenyewe si kazi kubwa kiasi hicho. Inahitajika kompyuta ya kukodi iliyo wazi saa 24, yenye mfumo wa Linux; anwani ya mtandaoni; hifadhidata; na njia ya kutuma barua pepe ili wanaojiandikisha wathibitishwe. Mtu aliyezoea kuandika amri za Linux huimaliza kwa jioni moja au mbili. Asiyezoea anaweza kulipia kampuni inayosimika na kutunza seva za Mastodon kwa ada ya mwezi, na kwa chama kidogo hiyo mara nyingi ndiyo njia ya busara.

Uamuzi wa kwanza, ambao wengi huufanya kwa mzaha, ni jina. Anwani ya seva huandikwa ndani ya kila akaunti, na seva nyingine huikumbuka hivyo. Ikishaanza kutumika haibadilishwi bila kuvunja kila kitu. Julai 2023 Mali iliirudisha mikononi mwake miliki ya majina yote yanayoishia na .ml, ambayo kwa miaka mingi yaligawiwa bure na kampuni ya nje. Jumuiya ya mtandaoni iliyotumia programu ya Lemmy, ndugu wa Mastodon katika shirikisho hilo, ilikuwa na anwani fmhy.ml. Ilijikuta imetoweka machoni pa wenzake ingawa kompyuta yake ilikuwa nzima. Jina la bure la nchi ambayo mtu hana uhusiano nayo lina gharama yake, nayo hulipwa baadaye.

Kisha huja ghala. Mtumiaji mmoja akifuata watu 500 walio kwenye seva nyingine, picha na video zao hunakiliwa na kuwekwa kwenye seva yake ili zionekane haraka. Seva ya watu kumi inaweza kujaza diski kwa picha ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezipiga. Programu ina amri ya kufuta nakala hizo baada ya siku kadhaa, na mwendeshaji asiyeiweka mapema huamshwa na seva iliyogoma kwa kukosa nafasi.

Kuhusu usalama, tarehe 6 Julai 2023 inakumbukwa na kila aliyekuwa na seva wakati huo. Siku hiyo watunzi wa Mastodon walitoa marekebisho ya kasoro nzito iliyogunduliwa katika ukaguzi uliogharamiwa na Mozilla: mtu angeweza kutuma faili ya picha au sauti iliyotengenezwa kwa hila, ikaandika mafaili mahali popote ambapo programu ina ruhusa, na hatimaye kuitwaa seva. Marekebisho yalikuwa tayari, lakini yalihitaji mtu wa kuyaweka katika kila seva. Palipokuwa na mwendeshaji aliyeko likizo bila msaidizi, mlango ulibaki wazi.

Mzigo mzito kuliko yote ni watu. BBC ilipofungua seva yake social.bbc mwaka 2023 iliamua kwamba akaunti ziwe za shirika pekee, umma usijiandikishe. Serikali nazo zilichagua njia hiyohiyo, na sababu inaeleweka: maneno ya raia anayejibu kutoka seva nyingine husimamiwa kwanza na seva yake mwenyewe. Anayefungua milango kwa kila mtu, kinyume chake, anajitwika malalamiko ya matusi, vitisho, utapeli na picha chafu, na lazima yasomwe na mtu anayeielewa lugha iliyotumika. Tusi la Kiswahili lililofichwa katika fumbo halitaonwa na msimamizi asiyejua ila Kijerumani au Kiingereza. Hapo ndipo seva ya wazungumzaji wa Kiswahili ingekuwa na faida ambayo kampuni kubwa haziwezi kuitoa kwa urahisi.

Seva isiyosimamiwa huadhibiwa na wenzake. Gab, mtandao uliojulikana kwa kuwakaribisha wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon Julai 2019, waendeshaji wengi waliufungia milango. Gab ilibaki na programu, ila haikuwa na wa kuzungumza naye.

Wanaotafuta faragha nao watahadhari. Ujumbe unaotumwa kwa mtu mmoja katika Mastodon haukufungwa kwa ufunguo kama ulivyo wa WhatsApp; mwendeshaji mwenye kuifikia hifadhidata anaweza kuusoma. Mei 2023 nchini Marekani maofisa wa FBI walipekua nyumba ya mmoja wa waendeshaji wa seva iitwayo kolektiva.social kwa shauri lisilohusu seva hiyo, wakaondoka na vifaa vilivyokuwa na nakala ya hifadhidata, isiyofungwa kwa ufunguo wowote. Barani Ulaya mwenye kufungua seva kwa wengine hubeba pia wajibu wa sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018, hata kama seva ina watu 30 wa chama cha mazishi au cha utamaduni.

Je, vyama vya Waswahili walioko ughaibuni vinahitaji taabu yote hiyo? Vingi vinaishi ndani ya makundi ya Facebook na WhatsApp, na akaunti ya mwanzilishi ikifungwa kwa makosa, majina na kumbukumbu za miaka kumi huenda pamoja nayo. Uganda ilipoizuia Facebook Januari 2021, familia zilizogawanyika kati ya Kampala na Ulaya zilionja jinsi kutegemea mlango mmoja kulivyo. Seva ya chama nayo inaweza kuzuiwa na serikali, tena ikiwa peke yake ni rahisi zaidi. Kinachobadilika ni kwamba kumbukumbu hubaki mikononi mwa chama.

Mastodon huziorodhesha kwenye tovuti yake seva zile tu zilizokubali masharti manne: kupinga ubaguzi na uchochezi kwa vitendo, kuweka nakala ya akiba kila siku, kuwa na angalau mtu wa pili mwenye funguo za dharura, na kutoa notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Katika miezi hiyo mtumiaji anaweza kuihamishia akaunti yake kwenye seva nyingine, na wafuasi wake humfuata wenyewe. Machapisho aliyoyaandika hayahami. Hubaki kwenye seva ya zamani hadi siku inapozimwa.