Mkono Unapogombana na Mdomo: Sayansi ya Kuimba na Kupiga Ukulele kwa Pamoja

Ukulele ni ala inayomkaribisha mgeni upesi. Ina nyuzi 4 tu, mara nyingi za nailoni laini, na hata zikipigwa zote bila kubonyezwa popote hutoa sauti tamu. Kodi ya C, kwa lugha ya wapiga gitaa wanaoyaita hivyo makundi ya sauti zinazolia pamoja, hutaka kidole kimoja. Ya A ndogo nayo kidole kimoja, ya F viwili. Baada ya wiki chache mwanafunzi huwa na kodi za kutosha kwa nyimbo nyingi, na mkono wake wa kulia unacharaza bila wasiwasi. Kisha anafungua mdomo aimbe, na mkono unasimama.

Au hausimami, bali unaanza kufuata maneno, ukipiga kila silabi inayotoka. Wapo ambao tuni huwaponyoka na kugeuka maneno makavu. Wapo wanaoishika tuni vizuri lakini wakasahau kabisa kubadilisha kodi. Wengi wanaofika hapo huamua kwamba hawakuzaliwa na kipaji, na wengine huitundika ala ukutani moja kwa moja. Inasikitisha, kwa sababu kinachowakwamisha kinajulikana, kimechunguzwa kwa miongo mingi, na kinamkuta karibu kila mtu.

Mwaka 1931 mwanasaikolojia Charles Telford wa Marekani aligundua kwamba mtu akitakiwa kujibu ishara mbili zinazofuatana kwa karibu mno, jibu lake la pili huchelewa. Mwaka 1952 Alan Welford wa Uingereza alitoa maelezo ambayo bado yanatumika: ubongo unaposhughulika kuchagua tendo moja, uamuzi wa tendo jingine hulazimika kungoja. Kungoja kwenyewe ni kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ila muziki hausamehe sehemu ndogo za sekunde. Katika wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, kila pigo hudumu sekunde 0.6, kwa hiyo mkono uliochelewa kwa theluthi ya sekunde tayari umepotea katikati ya mapigo mawili.

Na anayeanza ana mengi ya kuamua. Kidole kipi kiende wapi? Mkono ushuke au upande? Neno linalofuata ni lipi, liimbwe juu au chini, na pumzi ivutwe wapi? Kila swali kati ya hayo linataka umakini, na umakini hautoshi kugawanywa kote huko.

Hakuna anayejifunza kuuongeza umakini huo. Kinachowezekana ni kulifanya tendo moja lisiuhitaji tena. Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walieleza kwamba ustadi wa mwili hupitia hatua tatu: kwanza mtu hufikiria kila kitendo, kisha makosa hupungua na vitendo kuungana, na mwisho mwili hufanya wenyewe. Mama wa Pemba anayesuka ukili huku akisimulia habari za harusi ya jana yuko katika hatua hiyo ya tatu. Vidole vyake vinaendelea na miyaa, akili yake iko harusini. Ndani ya kichwa, kadiri tendo linavyozoeleka, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na umakini hupunguza kazi, huku viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, pamoja na ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, vikiendelea kuratibu mwendo.

Hadi hapa mkono na mdomo vinaonekana kama mahasimu. Habari njema ni kwamba vimeunganishwa zaidi ya tunavyodhani. Katika miaka ya 1930, mjini Montreal, daktari wa upasuaji Wilder Penfield aligusa kwa umeme hafifu bongo za wagonjwa waliokuwa macho na kuchora ramani ya maeneo yanayoendesha viungo. Mkono na uso vilikuwa majirani, na vyote viwili vilichukua nafasi kubwa kuliko ukubwa wao mwilini.

Ujirani huo una matokeo yanayoonekana. Mwaka 1983 Scott Kelso na wenzake walieleza jaribio ambalo kila mwalimu wa muziki angefaidika kulijua. Watu walitakiwa kurudia neno fupi huku wakichezesha kidole kwa mwendo uleule. Walipoambiwa walitamke neno kwa nguvu kila baada ya mara moja, bila kubadilisha chochote kwenye kidole, kidole nacho kilirefusha mwendo wake kila neno lilipotiwa nguvu. Hawakukusudia. Walipogeuza jaribio wakatofautisha mwendo wa kidole, sauti ndiyo iliyofuata. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye mkono wake unayakimbilia maneno hana kasoro yoyote. Mwili wake unafanya kile ambacho mwili hupenda kufanya.

Madaktari wameutumia mvuto huo kati ya mkono na mdomo kutibu. Mwaka 1973, mjini Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walitangaza tiba kwa wagonjwa waliopoteza usemi baada ya ubongo wa upande wa kushoto kuumia, mara nyingi kwa kiharusi. Wapo wagonjwa wa namna hiyo wasioweza kuomba maji ya kunywa lakini wanaoweza kuimba wimbo wa utotoni na maneno yake. Katika tiba hiyo mgonjwa huimba sentensi fupi za kila siku kwa tuni nyepesi huku mkono wake wa kushoto ukigongagonga taratibu, mara moja kwa kila silabi. Kwa anayejifunza ukulele somo liko wazi: mkono na sauti vinavyokutana kwenye silabi moja husaidiana, na ugomvi huanza pale vinapotakiwa kuachana.

Ndiyo maana wimbo wa kwanza uchaguliwe kwa makini kuliko hata ala yenyewe. Ufaao ni wenye kodi mbili au tatu, unaokwenda polepole, ambao mwanafunzi anaujua kwa moyo tangu zamani, na ambao nguvu ya maneno yake huangukia kwenye pigo. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwa sababu karibu kila neno huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Akiyasema maneno ya wimbo kama anayezungumza, bila tuni, ataisikia mikazo hiyo. Mkono ushukie hapo, pigo moja la kushuka, bila mbwembwe. Mtindo wa kupanda na kushuka unaosikika kwenye rekodi unaweza kusubiri mwezi mzima.

Kabla ya yote, mkono ujitegemee. Kipimo chake ni rahisi: je, mwanafunzi anaweza kuzunguka kati ya C na F huku akimjibu mtu alikula nini mchana? Mkono ukisita, bado. Usiposita, avumishe tuni mdomo ukiwa umefumbwa, maana tuni bila maneno ni mzigo nusu. Baadaye ayaseme maneno kwa mapigo, na mwishowe aimbe. Pale kodi inapobadilika, achore duara kwenye silabi husika katika karatasi yake. Walimu wengi huliruka jambo hili dogo, nami naliona ndilo linaloondoa kigugumizi kwa haraka zaidi, kwa sababu uamuzi wa wakati wa kubadilisha umeshafanywa kabla ya wimbo kuanza. Na mguu ugonge sakafu muda wote. Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu aliyelala kimya akisikiliza midundo yenye pigo linaloeleweka, maeneo ya ubongo yanayopanga mienendo huamka, ijapokuwa hasogezi kiungo chochote. Pigo likishakaa mwilini, mkono na sauti vyote vina pa kushikilia.

Mazoezi mafupi yenye mapumziko hushinda kujifungia chumbani kwa saa tatu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Marlene Bönstrup na Leonardo Cohen, waliwataka watu kuchapa mfululizo wa tarakimu kwa sekunde 10, kisha kupumzika sekunde 10. Sehemu kubwa ya maendeleo ya mwanzoni ilitokea wakati vidole vimetulia. Matthew Walker na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2002, kwamba kasi ya vidole katika zoezi kama hilo iliongezeka kwa takriban asilimia 20 baada ya usiku mmoja wa usingizi. Anayekwama jioni na kufaulu asubuhi hajabahatisha.

Ukulele wenyewe ulikulia katika kuimba. Tarehe 23 Agosti 1879 meli Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno. Walikuja na vigitaa vyao vidogo, na mafundi seremala watatu miongoni mwao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, wakavifanyia kazi hadi ikazaliwa ala mpya. Mfalme Kalākaua wa Hawaii aliipenda na kuifungulia milango ya kasri, ikaandamana na nyimbo na ngoma ya hula. Mtu anayetaka kusikia mkono uliokwisha kujitegemea amsikilize Israel Kamakawiwoʻole akiimba "Over the Rainbow" kwenye albamu yake ya mwaka 1993. Mkono unakwenda sawasawa mwanzo hadi mwisho, nayo sauti inazurura itakavyo, ikichelewa hapa na kutangulia pale.

Hapa kwetu ustadi huo ni wa kale. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hucheza nyuzi 8, hugonga ubao kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, hutikisa njuga na kuimba, vyote kwa pamoja. Hukwe Zawose wa Dodoma aliimba huku vidole vikicheza ala ya ilimba. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliimba kwa Kiswahili juu ya gitaa ambalo vidole vyake vilikwenda njia mbili tofauti.

Mwili nao una madai yake. Mwanafunzi anayeinama kutazama vidole hukunja shingo na kubana koo, na anayeikumbatia ala kwa nguvu huzuia kifua kupanuka. Akae wima, kidevu kikiwa sawa. Wimbo ukiwa juu mno, usilazimishwe: ulioandikwa kwa C unaweza kuhamishiwa G au F hadi sauti itulie. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo kabla ya kupata sugu, na hilo ni la kawaida. Ganzi, au maumivu yanayopanda kwenye kiganja na mkono, si ya kawaida, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kupiga kwa siku kadhaa. Yakirudi baada ya mapumziko, au sauti ikikwaruza kwa wiki 3 mfululizo, mwanafunzi huyo aende kwa daktari kabla ya kurudi kwenye mazoezi.