Mwembe Mgonjwa: Tuukate au Tuuponye?

Hapa kwetu Mackinnon Road mwembe mkubwa si wa maembe peke yake. Ni kivuli cha mikutano, na msimu ukija ni karo ya watoto. Ndiyo maana ukianza kunyauka nyumba hugawanyika: mzee ataka ungojewe, vijana wameshanoa shoka. Sisi twasema, kwanza uchunguzwe.

Tazama ugonjwa uko wapi. Kama uko kwenye majani, maua na matunda, usikate. Ukungu mweupe, ambao wengine huuita ubwiriunga, hukaa juu ya maua kama unga. Kisha maua hugeuka kahawia na kupukutika. Chule nayo huleta madoa meusi kwenye majani na matunda. Magonjwa haya yote mawili huletwa na kuvu, na mti huweza kuishi nayo miaka mingi. Kwa ukungu mweupe, dawa ya salfa hupuliziwa maua yanapoanza kuchomoza. Ukingoja yaungue umechelewa. Kwa chule, punguza matawi ili jua na hewa vipite, na takataka zilizoanguka uzichome.

Kama matawi yanakauka, chukua kisu ukwangue gome kidogo kidogo, kutoka nchani kurudi shinani. Penye ubichi wa kijani pangali hai. Penye ukavu wa kahawia pamekufa. Kata ukifika penye uhai. Ukiona tundu linalotoa unga wa mbao na utomvu, kuna funza ndani: mfuate kwa waya.

Lakini kama uyoga umeota chini ya shina, au ukigonga kwa mgongo wa panga shina lalia kama ngoma, moyo wa mti au mizizi inaoza. Hapo dawa hakuna. Na kama umeinamia nyumba au mahali watoto wanapochezea, usingoje upepo.

Iko pia njia ya tatu, kwa mti wenye shina zima ila mazao yake ni duni. Matawi hukatwa kwa zamu, moja likiachwa liulishe mti. Machipukizi yakitoka, machache yenye nguvu hupandikizwa vikonyo vya aina nzuri, kama Ngowe au Apple. Mikorosho mizee nayo hufanywa upya vivyo hivyo. Faida yake ni mizizi. Huku kwetu mvua ni chache kuliko Msambweni, na mizizi iliyokwisha kufika chini ni mali. Mche mpya utauchotea maji kiangazi kizima. Tena mche uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5, na wa kokwa huweza kupita miaka 6.

Kwa hiyo, hata mti ukishahukumiwa, kama hauhatarishi mtu panda mrithi kwanza. Mpande mwanzo wa mvua ya vuli, kama hatua 10 kutoka kwa ule wa zamani, si katika shimo lile lile. Mzee atoe kivuli mpaka kijana ashike.

Una shaka bado? Mwite afisa wa kilimo, au peleka tawi lenye ugonjwa kituo cha KALRO Matuga. Kuuliza kutakuchelewesha siku chache tu, lakini mwembe uliokatwa bure utaungoja miaka.