Tundu la jicho likishapasuliwa, usitupe makaratasi

Macho yaliyotokeza kwa maradhi ya tezi ya shingoni yakirudishwa ndani, mgonjwa hurejea Sagana na raha yake: kope zinafumba tena usiku, na stendi hakuna anayemkazia macho. Ninachohofia ni miaka inayofuata, kliniki ikiwa Nairobi, kilomita 100 hivi, na yeye ameshajiona mzima.

Maradhi haya, ambayo daktari Robert Graves aliyaeleza mjini Dublin mwaka 1835, huvimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho. Mfupa hautanuki, hivyo jicho husukumwa mbele, na neva ya kuonea ikibanwa mtu anaweza kupofuka. Daktari huondoa sehemu ya mfupa ili uvimbe upate nafasi, mara nyingi ndani ya sainasi zilizo kando ya pua na chini ya jicho.

Nafasi hiyo ina gharama. Mafuta yaliyoshuka huko yanaweza kuziba njia ya kamasi. Baada ya miezi, pengine miaka mingi, mfuko wa kamasi hujaa taratibu, ukala mfupa na kulisukuma jicho upya. Baridi ya Julai ikiingia, mgonjwa huhisi kichwa kizito na pua imeziba. Ananunua dawa ya mafua kwa kemisti, na anayemuuzia hajui kwamba ukuta kati ya pua na jicho la mteja wake ulishatolewa.

Wengine huanza kuona vitu viwiliviwili: chai inamwagwa kando ya kikombe, lori moja kwenye barabara ya Karatina linaonekana mawili. Hilo hujitokeza mapema, na miwani maalumu au upasuaji wa misuli husaidia. Aliyetolewa ukuta wa upande wa sikio anaweza kuona dunia ikitikisika kila anapotafuna mahindi ya kuchoma, kwani msuli wa kutafunia sasa unasukuma vilivyomo ndani ya tundu. Asiambiwe amerogwa.

Tena maradhi yenyewe huweza kuamka, hasa kwa mvutaji sigara.

Basi hifadhi ripoti ya upasuaji na picha za skani. Kila daktari unayemwona, hata wa meno, mwambie mfupa gani ulitolewa. Jicho likianza kuuma, kutokeza tena au kuona rangi zikififia, nenda siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Usingoje tarehe ya kliniki.